Arbuni ya Sukari

Mahabibo, Mahajanga
11 Aprili 2016

Mjomba wangu Mroivili,

Shikamoo nyingi zivuke maji zikufikie hapo Hell-Ville, na kabla hujauliza, sote wazima. Mjukuu wako Hayrat amenifikia kwa urefu na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Mume wangu Youssoufa bado anatengeneza injini za feri ya Katsepy, na akirudi nyumbani tunamnusa dizeli kabla hajabisha hodi. Mvua zimekwisha, joto limebaki.

Simu nimeacha kukupigia kwa sababu ya sikio lako. Mara ya mwisho nilikuuliza hali ya mgongo ukanijibu kwamba bei ya samaki imepanda. Basi turudi kwenye barua, na kwenye Kiswahili chetu, ambacho nyumbani kwangu hakisomwi na mtu mwingine. Youssoufa hung'amua neno moja katika matano kwa sababu ya Kikomoro chake, halafu hukata tamaa akairudisha barua mezani. Nakumbuka ulivyonifundisha nikiwa mtoto hapo Nosy Be, nimepakiwa nyuma ya ile pikipiki yako ndogo ya samawati, wewe ukitaja kila tulichopita kwa lugha uliyotoka nayo Unguja, na mimi nikirudia huku nimekukumbatia tumbo. Duka. Nguzo. Mbuzi. Polisi, shuka upesi!

Sasa lililonileta. Nimeacha kazi bandarini. Miaka kumi na minne nimejaza makaratasi ya mizigo ya watu; sasa nafanya biashara yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa sebuleni na kompyuta. Usitupe barua, endelea kusoma.

Kule Nyu Yoki kuna soko ambalo watu huuziana leo sukari itakayotolewa miezi ijayo. Mkataba mmoja ni tani hamsini. Mimi sinunui sukari yenyewe, nanunua haki ya kuinunua kwa bei tuliyokubaliana, kabla ya tarehe fulani. Kwa haki hiyo natoa kiasi kidogo. Bei ikipanda, haki yangu inakuwa na thamani kubwa, naiuza kwa mwingine na faida naiweka mfukoni. Bei ikianguka, naiacha haki ife, na nilichopoteza ni kile kidogo tu nilichotoa. Nilijifunza haya kwa Kifaransa kwa mwaka mzima, kichwa kikiniuma, mpaka siku moja nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Hii si ni arbuni! Ni ileile ya soko la Mahabibo: unampa mwenye mali kishika mkono, anakuwekea mzigo, ukighairi umekipoteza. Wazungu wameivalisha tai tu.

Ninayo akiba yangu, na sukari naijua. Baba yangu alikula mshahara wa kiwanda cha sukari cha Dzamandzar mpaka alipostaafu. Kinachonipungukia ni mtaji. Yule bwana wa hoteli ameniandikia tena kuhusu kiwanja cha Ambatoloaka. Yuko tayari kutoa arbuni sasa na kumalizia Desemba. Kwa desturi yetu kiwanja ni cha akina mama, kilitoka kwa Bibi kikaja kwa Mama, kikaja kwangu, lakini bila saini yako wewe kaka yake Mama hakiuziki hata jani. Naomba uipokee arbuni hiyo kwa niaba yangu na utie saini. Ndicho kitu pekee cha thamani nilicho nacho duniani ukiacha watu, na nina hakika najua cha kukifanyia.

Mpwa wako akupendaye,
Nadjma


Hell-Ville, Nosy Be
3 Mei 2016

Kwa Nadjma binti Kouraichia, mwenye sukari ya Nyu Yoki,

Marahaba, na salamu zangu ziwafikie wote, hata mwenye dizeli. Mgongo wangu ni mzima, asante, na samaki kweli wamepanda. Barua yako imeletwa na Ibouroi, dereva wa teksi za Ankify, aliyeifikisha mwenyewe hadi mlangoni na kuniomba chai. Amekunywa vikombe vitatu. Tukihesabu chai na sukari, stempu ingekuwa rahisi zaidi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena. Tani hamsini! Siku dalali wako wa huko akikosea akakuletea mzigo wenyewe utauweka wapi? Mahabibo nzima itabidi ihame. Mwambie Youssoufa anunue chungu kikubwa.

Lakini sikucheki kwa kukudharau. Nimekuelewa vizuri kuliko unavyodhani, maana neno ulilotumia nalijua. Walimu wetu wa Kishafi, tangu Unguja, hawakuipenda arbuni. Walisema ni kula mali ya mtu bila kumpa kitu. Hata hivyo sokoni Mahabibo kila mtu aliitoa, na waliokuwa wakitusomea vitabu waliitoa pia, wakigeuza uso kidogo. Desturi yetu ilikuwa na upande wa pili ambao wewe hukuutaja: aliyetoa akighairi, amepoteza, aliyepokea akishindwa kuleta mzigo, arudishe mara mbili. Naona Nyu Yoki hilo hawakukwambia, au wamekwambia kwa herufi ndogo.

Wewe umesema unatoa. Anayetoa arbuni anajua usiku huohuo hasara yake ni kiasi gani, na analala. Baki hapo na mimi nitakuombea dua.

Hapa milangilangi imeanza kuchanua tena baada ya kukatwa, na kiwanja cha Bibi kinanukia hadi barabarani. Watalii wanasimama kupiga picha. Ansoifa, jirani yangu, anakusalimu na kusema ulikuwa mtoto mwenye maswali mengi.

Mjomba wako,
Mroivili


Mahabibo
18 Juni 2016

Mjomba wangu mpendwa,

Ramadhani Karimu. Tunafunga vizuri, isipokuwa Hayrat anayefunga mpaka saa sita na kutufundisha subira sisi wengine. Bahasha hii ina kofia niliyokushonea. Nimekisia kichwa chako kwa sufuria ndogo ya wali, ikikubana useme.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Umeniandikia harufu ya kiwanja, hukuniandikia saini. Sawa, nitauliza tena mwishoni.

Kwanza jisifu una mpwa! Haki nilizonunua Machi na Aprili nimeziuza kwa mara tatu ya nilichotoa. Sukari imepanda, nami niliiona inakuja: nilisoma habari za mvua na mavuno ya watu wa mbali, nikaandika daftarini sababu zangu kabla ya kununua, nikasubiri. Soko linafunguliwa kwetu saa nne na nusu asubuhi na kufungwa wakati wa Isha, kama duka la mtu mwenye adabu. Sikufuata mkumbo wala ndoto. Wale vijana wanaokaa na simu vibarazani wakibahatisha, mimi si mwenzao.

Na nimejifunza zaidi. Haki nyingi hufa bila kutumika, Mjomba. Watu wanatoa, wanangoja, tarehe inafika, zimekufa. Ukilijua hilo huwezi kubaki ulipokuwa. Sasa arbuni zinaingia kila mwezi kama kodi ya pango, hata nikiwa jikoni nakoroga uji wa futari. Mwezi huu peke yake zimezidi mshahara wangu wa bandarini wa miezi minne. Youssoufa ameanza kuniita Bi Mkubwa, nusu kwa mzaha.

Ndiyo maana nataka mtaji sasa, si mwakani. Mwenye hoteli ana wenzake wanaomshawishi anunue kwingine. Mjomba, mimi si mtoto wa nyuma ya pikipiki tena. Pokea arbuni yake, utie saini.

Nadjma wako


Hell-Ville
14 Julai 2016

Nadjma,

Idd imepita salama. Kofia inanitosha, inaelekea kichwa changu na sufuria yako ni ndugu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaona neno moja. Aprili uliandika kwamba arbuni unazitoa. Juni umeandika zinaingia. Nijibu hili tu, na mengine yangoje: siku hizi ni nani anayetoa na ni nani anayepokea? Na kama ni wewe unayepokea, mzigo uko wapi?

Bwana wa hoteli alikuja Jumanne na bahasha nene. Nilimwomba airudishe mfukoni. Alidhani nataka aongeze, akaongeza. Nikamwambia katika maisha yangu haya sipokei arbuni ya mtu yeyote, kwa kitu chochote. Akaniuliza kwa nini. Nikamwonyesha sikio langu kwamba sisikii.

Mroivili


Mahabibo
9 Agosti 2016

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Hayrat yuko likizo. Paa la jikoni linavuja na Youssoufa anasema msimu wa mvua bado uko mbali, kwa hiyo halivuji. Nimepata soko zuri la korosho kwa jirani. Kuku wawili wameibiwa.

Nimekwishakupa habari za nyumbani, sasa niseme lililo moyoni. Umenivunja moyo. Umemfukuza mnunuzi bila kuniuliza, kwa kitu ambacho ni cha mama yangu na si chako. Unaniuliza mzigo uko wapi. Mzigo! Soko hili hakuna anayeshika sukari, watu wanafunga hesabu na kwenda zao. Nina daftari, nina mahesabu, najua bei inapochoka. Imepanda sana na sasa itashuka, kila kitu nilichosoma kinaonyesha hivyo. Mimi najua ninachofanya, na mwaka huu wote nimeonyesha.

Nikwambie ninavyoona? Wewe umezoea kuogopa. Najua sababu, kila mtu katika ukoo anaijua, na Mungu anajua sijawahi kuidharau. Waliouawa hapa Desemba ile ya sabini na sita walikuwa watu wetu, Wakomoro, na walionusurika wana haki ya kutotaka kuuona tena mji huu. Nimelelewa nikiambiwa, usimuulize Mjomba kuhusu Mahajanga, Mjomba alinusurika. Sikuuliza. Hata Mama alipofariki na kaburi likawa wazi na watu wakisema tumngoje kaka yake, nilisimama mimi nikasema msimngoje. Nilikutetea mbele ya wote, na niliporudi ndani nililia kwa hasira. Miaka kumi na mitatu sijakwambia hivyo. Leo nimekwambia.

Usinifanye na mimi nikae pembeni ya maisha kwa sababu wewe umekaa. Saini tu ndiyo ninayoomba.

Nadjma


Hell-Ville
2 Septemba 2016

Mpwa wangu Nadjma, mtoto wa dada yangu,

Mimi mzima. Leo sina habari za jirani wala za samaki.

Hukujibu swali langu, na kutojibu kwako kumenijibu. Unapokea. Umeuza haki ya kununua sukari ambayo huna. Basi nikwambie nilivyolijua swali hilo.

Mwaka ule wa sabini na sita nilikuwa kijana wa miaka thelathini, nina kibanda Mahabibo, nina ulimi mzuri na mashati mawili ya hariri. Baba yako aliniambia kuna mtu Nosy Be atanipatia magunia kumi ya sukari kwa meli ya mwezi wa Novemba. Siku hiyohiyo akaja kwangu mtu wa Katsepy, mvuvi, jina lake Hamada, anamwoza binti yake Zalia na anataka sukari ya keki na chai ya kijiji kizima. Nikamuuzia magunia kumi. Bei tukakubaliana, akanipa arbuni, nusu kwa noti na nusu kwa sarafu zilizonuka samaki, maana alichangiwa na majirani. Tulishikana mikono. Nadjma, kibandani kwangu siku ile hapakuwa na hata kijiko cha sukari.

Sukari ikaadimika. Yule mtu wa Nosy Be aliyekuwa aniletee akapata mnunuzi aliyempa zaidi, akamwachia. Nilikuwa na hakika bei itarudi chini, ninunue mahali pengine nimpe Hamada haki yake. Kila asubuhi nilisema kesho itashuka. Nilikuwa na sababu nzuri sana, ungezisikia ungezikubali. Na arbuni yenyewe haikuwapo tena. Niliinunulia pikipiki. Ile ya samawati. Nyuma ya pikipiki ile, ulipokuwa ukirudia duka, nguzo, mbuzi, ulikuwa umekaa juu ya arbuni ya Hamada.

Wiki ya harusi ilipokaribia, nilipanda meli na pikipiki yangu nikaja huku bila kumuaga mtu. Ilikuwa tarehe kumi na moja Desemba. Mauaji yalianza baada ya siku tisa.

Sasa umeelewa. Mimi sikunusurika. Mimi nilitoroka sukari. Habari zilipofika, watu wa msikitini hapa walinikumbatia wakilia, wakanipa sehemu safu ya mbele, na tangu siku hiyo wananiita aliyenusurika. Nilifungua mdomo kuwaambia, ukajifunga. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu aliyekimbia kifo alipataje nafasi ya kupakia pikipiki. Wenzangu wa Mahabibo waliokufa kweli, mimi nimekula heshima yao miaka arobaini. Mama yako peke yake alijua. Aliniandikia mara moja tu: njoo umwone Hamada. Sikumjibu, na hakuandika tena. Siku ya maziko yake sikuogopa mji. Niliogopa kwamba Hamada atakuja kuzika.

Sikukwambia haya ili ukamtafute. Usimtafute. Nimekwambia ili ujue kwamba anayepokea arbuni hana mahali pa kusimama na kusema hasara yangu imeishia hapa. Kila siku anasema kesho itashuka.

Nimekuomba mara moja tu katika maisha yako, uliposhuka pikipikini usivuke barabara bila kuangalia. Hii ni ya pili. Toka upande huo wa meza.

Mjomba wako, ukitaka bado kuniita hivyo,
Mroivili


Mahabibo
29 Septemba 2016

Mjomba wangu, na nitakuita hivyo mpaka nizikwe,

Shikamoo. Tuko wazima wote watatu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano nimelala usiku kucha.

Barua yako ilichelewa. Gari la Ibouroi lilikatika ekseli karibu na Port-Bergé, akakaa siku kumi na moja akingoja kipuri, na barua iko juu ya dashibodi pamoja na miwani yake. Imenifikia Jumatano ya wiki iliyopita, tarehe ishirini na moja, saa nne kasoro asubuhi. Nitakwambia nilikuwa wapi wakati huo. Nilikuwa mezani, na mbele yangu ujumbe wa dalali: sukari imepanda tena, ongeza pesa za dhamana kabla ya soko kufungwa leo, la sivyo tutakufungia wenyewe. Ulikuwa ujumbe wa tatu. Wa kwanza na wa pili nilikuwa nimeongeza. Wa tatu nilikuwa nimekwisha amua kuongeza kwa pesa za Youssoufa, anazoweka kununulia mashua. Hakuwa anajua. Nilikuwa namwambia moyoni, kesho itashuka.

Ndiyo, Mjomba, nilikuwa napokea. Mikataba sita. Tani mia tatu za sukari, na kabatini nina kopo moja.

Nilisoma barua yako nimesimama. Nilipofika kwenye maneno yale, kila asubuhi nilisema kesho itashuka, nilikaa sakafuni, Hayrat akaniletea maji. Saa nne na nusu soko lilipofunguliwa nilinunua haki zote sita nilizouza, moja baada ya nyingine, kwa bei iliyoniuma mpaka kwenye meno. Ikaisha. Faida yote ya mwaka imekwenda na akiba yangu ya bandarini imekwenda theluthi. Mashua ya Youssoufa iko palepale. Kiwanja kiko palepale. Ungepokea arbuni ya yule bwana mwezi wa Julai, nisingeuza sita, ningeuza ishirini, na leo ningekuwa nakuandikia kutoka kwenye nyumba ya mtu. Tangu Jumatano ile sukari haijashuka hata siku moja. Nimemwambia Youssoufa kila kitu. Akasema kwamba Bi Mkubwa ameshushwa cheo.

Usidhani nimeacha. Kazi hii naijua na naipenda, na nikinunua nanunua vizuri. Hata daftari linasema hivyo. Nimerudi upande wangu wa meza. Natoa, sipokei. Jumatatu nimenunua haki moja ndogo ya kahawa, nikaandika hasara yake juu ya ukurasa kwa wino mwekundu, nikaenda kufua.

Sasa uniwie radhi. Umesema usimtafute, nami nimemtafuta.

Jumamosi nilipanda feri na Youssoufa tukavuka Katsepy. Hamada alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Binti yake Zalia ana kibanda cha chakula pale feri inapofunga, anauza wali na kaa, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na Youssoufa amekula kwake mara mia bila kujua. Nilimwambia kwa Kimalagasi mimi ni mtoto wa Kouraichia wa Mahabibo, mpwa wa Mroivili. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Yule wa pikipiki ya samawati?"

Nikasema ndiye. Nikatoa bahasha. Nilikuwa nimekadiria arbuni ile kwa thamani ya leo, mara mbili kama desturi. Nikamwambia Mjomba wangu hakulala kwa sababu ya harusi yako. Akasema polepole:

"Harusi yangu ilifanyika mwezi wa Machi. Watu tuliowaalika kutoka Mahabibo, nusu hawakuwepo tena duniani. Mwanangu, Desemba ile sukari si kitu tulichokosa."

Nililia, Mjomba, mbele ya wateja. Akanipa kanga yake nijifute, halafu akaisukuma bahasha yangu na kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza.

"Hii irudishe. Baba hakutoa arbuni apate pesa. Alitoa apate sukari. Mpaka anaingia kaburini tulikuwa tukimcheka, baba umeibiwa, naye anasema hapana, mimi sijaghairi, na yule kijana hajaniambia kwamba ameghairi."

Nikamuuliza, kwa hiyo nimwambie nini?

"Mwambie mjukuu wangu anaolewa Desemba. Magunia kumi. Na aje nayo mwenyewe, nimwone."

Nimekaa sokoni mwaka mzima, Mjomba, na kila haki niliyoiona ina tarehe ya kufa. Hii ya Hamada hawakuiandikia tarehe. Iko hai.

Njoo.

Nadjma


Hell-Ville
17 Oktoba 2016

Nadjma wangu,

Salamu kwa Hayrat na kwa Youssoufa, mwambie mashua ainunue sasa kabla hujapata wazo jingine.

Ijumaa baada ya swala niliomba nafasi, nikasimama mbele ya safu ile waliyonipa, nikawaambia yote. Mwezi, siku, meli, pikipiki. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza, pikipiki yenyewe iko wapi siku hizi? Nikasema niliiuza mwaka wa themanini na tisa. Akasema hasara, ilikuwa nzuri. Imamu hakucheka. Aliniambia wiki hii nikae safu ya nyuma, na wiki ijayo tutaona. Nimekaa nyuma. Kuna upepo mzuri huko.

Kiwanja ni chako. Nimetia saini, karatasi iko humu. Ukitaka kukiuza, kiuze siku moja, pesa zote mezani na funguo mkononi. Usipotaka kukiuza, milangilangi itaendelea kuwanukia watalii bure.

Kiwanda cha Dzamandzar kimekufa miaka mingi, sukari ya huku haiko tena. Kwa hiyo nakupa kazi, mwenye sukari ya Nyu Yoki. Ndani ya bahasha utakuta pesa. Nenda kwa muuzaji wa jumla hapo Mahabibo, utoe arbuni kwa jina langu, akuwekee magunia ishirini mpaka Desemba. Kumi ni ya Hamada na kumi ni ya desturi, na Zalia akikataa ya desturi atayakataa mbele yangu. Kabla hujatoa chochote, ingia stoo uyaone. Fungua gunia moja. Tia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mimi nafika tarehe kumi na moja Desemba kwa gari la Ibouroi. Nimeambiwa feri hujaa mapema. Mwambie Youssoufa aniwekee nafasi ya kuvuka Katsepy, magunia ishirini na mzee mmoja.

Mroivili, mjomba wako